Kiamshakinywa Kiokwe Jumapili

Nina hoja moja tu nami nawasihi mnisikize kabla ya kunicheka. Nionavyo mimi, sisi wanafunzi wa kutwa hatukosi kiamshakinywa kwa sababu ya umaskini peke yake. Aghalabu twakikosa kwa sababu ya saa. Na kwa kuwa saa za alfajiri hazitoshi, yafaa kiokwe Jumapili jioni, kiwe biskuti, na kiokwe na yeyote aliye na mikono, awe mvulana au msichana.

Nianze na aibu yangu. Mama yangu huuza ndizi katika soko la Daraja Mbili hapa Kisii. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Baba hufanya kazi mbali, hurudi mwisho wa mwezi. Mimi ndimi kifungua mimba, na nyuma yangu wapo wawili, mmoja gredi ya saba na mwingine ya tatu. Kuwasha makaa, kuchemsha chai, kuwatayarisha hawa wadogo, kisha kukimbia nifike shuleni kabla ya kengele! Hesabu hiyo ilinishinda, na kilichoachwa kila mara ni chai. Wadogo walienda shule midomo mikavu, nami nilingoja mapumziko ya saa nne nipate mandazi mawili kwa deni. Ati nitalipa kesho. Muhula ulipokwisha deni lilikuwa shilingi 240, na aliyenidai hakuja kwangu. Alimwendea mama sokoni, mbele ya wateja.

Jioni hiyo mama hakunigombeza. Alihesabu zile pesa mezani, akazisukuma upande wangu, akaniuliza, "Na hawa wadogo wako, wao hukopa kwa nani?"

Sikuwa na jibu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kila jioni mama alikuwa akirudi na ndizi zilizoiva kupita kiasi, maganda meusi, ambazo hakuna mteja wa kuzigusa. Tulimpa jirani alishe ng'ombe wake. Kumbe ndizi ya namna hiyo ndiyo tamu kuliko zote, maana wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Ukiiponda kwenye unga, huhitaji sukari ya dukani hata kijiko.

Mimi hufanya hivi. Naponda ndizi kubwa tatu, natia yai moja na vijiko vinne vya mafuta. Kisha vikombe viwili vya unga wa wimbi, kimoja cha unga wa ngano, kijiko kidogo cha beking pauda, chumvi kidogo, na nusu kikombe cha njugu karanga zilizokaangwa na kutwangwa juu juu. Ngano isiachwe, kwa maana wimbi peke yake halishikani, biskuti huvunjika mfukoni zikawa unga tena. Kama kinyunya ni kigumu naongeza maziwa kidogo.

Oveni hatuna. Nachukua sufuria kubwa nzito, natandaza mchanga mkavu chini, naifunika na kuiacha motoni dakika kumi. Biskuti huwa juu ya sahani ya bati ambayo naiweka juu ya mchanga, kisha nafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Dakika 20 au 25 zatosha. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Mara ya kwanza nilifanya kinyume, na biskuti zilikuwa nyeusi chini, mbichi juu. Hata ng'ombe wa jirani hakupelekewa. Na jiko liwe nje, tafadhali. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliojifungia ndani.

Hutoka kama biskuti 30. Hudumu siku tatu hivi, kisha hulainika kwa sababu ya ndizi, kwa hiyo Jumatano naoka tena. Nazitia mkebe wenye kifuniko, na asubuhi kila mmoja wetu hubeba tatu na kula njiani.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kwa nini nisinunue za pakiti nikapumzika. Za pakiti nyingi ni unga mweupe, sukari na mafuta. Sikatai kwamba tangu 2012 sheria yetu inataka unga wa ngano wa pakiti uongezwe madini ya chuma na vitamini. Lakini unga wa wimbi una kalsiamu nyingi kuliko wa ngano au wa mahindi, na njugu zina protini ambayo hukaa tumboni. Mimi mwenyewe naweza kufika chakula cha mchana bila kusinzia katika somo la Hisabati, na mwalimu wangu ni shahidi. Nyanya naye asema viazi vitamu na uji vyatosha. Kweli tupu! Penye mtu wa kuamka na kuvichemsha, vileni, mimi sitawashindania. Nasema juu ya nyumba ambayo saa kumi na moja hana mtu jikoni.

Linaloniudhi ni kicheko cha wavulana wenzangu. Ati mimi ni msichana wa nyumbani kwetu. Wavulana hao hao huzimaliza biskuti zangu kabla ya saa nne, na hoteli za mji huu zimejaa wapishi wanaume ambao hakuna anayewacheka wakipokea mshahara. Mtu akiwa na njaa tumbo halimwulizi ni nani aliyeshika mwiko. Mama aliyesimama sokoni tangu alfajiri hawezi kurudi akaanzia hapo zamu nyingine, ilhali mimi mwenye miaka 16 nimekaa nasikiliza mpira redioni.

Sikumweleza mama haya yote. Jumapili iliyopita alirudi mapema kidogo, akavuta kigoda karibu nami, akaanza kuponda ndizi bila kuambiwa. Jumatatu nilipoamka mkebe ulikuwa umepungua biskuti nne, naye alikuwa amekwisha kwenda sokoni.