Kipya Kinyemi: Kompyuta ya Mwanafunzi na Uimara Wake



Kila wana wetu wanapojiandaa kujiunga na vyuo, swali moja huzuka majumbani mwetu: tununue kompyuta mpakato ipi? Mama ametoa fedha zake za chama, baba ameongeza alichojaaliwa, na dukani zimepangwa mbili za jina moja: moja mpya, nyembamba, inang'aa, nyingine nene, imekwisha kutumika ng'ambo. Mkono huiendea ile mpya. Wahenga walituonya: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Wengi wetu twadhani kuwa toleo la baadaye halina budi kuwa bora kuliko lililotangulia. Si hivyo daima. Tutazame ThinkPad, iliyoanzishwa na kampuni ya IBM mwaka 1992 na kuingia mikononi mwa Lenovo mwaka 2005. Toleo la T480, la mwaka 2018, lilikuwa na betri ya nyuma inayochomolewa kwa vidole bila bisibisi, na nafasi mbili za kubadilishia kumbukumbu. Mwaka 2019 ikaja T490, nyembamba na nyepesi zaidi. Lakini betri yote ikafungiwa ndani, na sehemu ya kumbukumbu ikalehemiwa kwenye bodi kuu, isiweze kubadilishwa.

Apple nayo ilikuwa imetangulia kuipita njia hiyo. MacBook Pro ya Retina ya mwaka 2012 ilibandikwa betri yake kwa gundi, na kumbukumbu yake ikalehemiwa. Mwaka 2015 ikaletwa kibodi nyembamba mno, iliyopewa jina la kipepeo, ambayo chembe ya vumbi yaweza kukwamisha herufi. Malalamiko yalizidi hata mwaka 2018 kampuni ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo, na kuanzia mwishoni mwa 2019 ikarejea muundo uliotangulia. Mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani.

Insafu yatutaka tuseme na mema ya matoleo mapya. Diski za kuzunguka zimeondoka, hivyo mtikisiko hauharibu kazi ya mwanafunzi kama zamani. Na betri hudumu na chaji kwa saa nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba wembamba umenunuliwa kwa bei ya matengenezo. Kila betri huchoka kwa miaka, na hapa kwetu Pwani joto, unyevu na hewa ya chumvi huharakisha uchakavu. Iliyofungwa kwa skrubu, fundi wa mtaani huibadilisha kwa muda mfupi. Iliyobandikwa kwa gundi yataka uangalifu mkubwa, kwani betri ikitobolewa yaweza kushika moto. Na kumbukumbu iliyolehemiwa ikiharibika, mara nyingi bodi kuu nzima hubadilishwa, kwa gharama inayokaribia kompyuta nyingine.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, akakuta umajimaji uliofichwa chini ya kikavu. Akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Nasi tunaponunua, tutie mkono ndani ya rundo. Tusiridhike na jina la kampuni. Tuulize namba ya toleo na mwaka wake. Tufungue na kufunga kifuniko mara kadhaa tuisikilize bawaba. Tubonyeze herufi zote, moja baada ya moja. Tumuulize muuzaji: betri yabadilishwa vipi? Kumbukumbu yaongezeka? Imewahi kufunguliwa? Naye muuzaji Muislamu ajue kuwa aibu anayoijua yampasa kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiyari ya kurudisha bidhaa.

Alhamdulillahi, dalili za kurejea kwenye ufundi wa kudumu zipo. Ufaransa, tangu Januari 2021, imewalazimu wauzaji kuonyesha alama, kati ya 10, ya urahisi wa kutengeneza kompyuta mpakato. Mwaka huo huo kampuni ya Framework ilitoa kompyuta ambayo mwenyewe huweza kubadilisha karibu kila kipande chake. Lenovo nayo, katika ThinkPad T14 ya kizazi cha tano ya mwaka 2024, imerudisha nafasi mbili za kumbukumbu. Watengenezaji husikia pale mnunuzi anapouliza.

Basi, dada zetu, tusione haya kumnunulia mtoto ile nene iwapo ni nzima na yatengenezeka. Akishangaa kuwa wenzake wana nyembamba, tumweleze kwa upole kwamba mali ni amana, na israfu si katika mwendo wetu. Chombo kitakachomfikisha mwaka wa mwisho wa masomo ni bora kuliko kitakachomng'arisha muhula mmoja.

Wabillahi tawfiq.