Mwache binti acheze, lakini msindikize

Jumamosi moja asubuhi, jirani yangu mmoja alinijia akiwa amekunja uso kama mtu aliyelamba ndimu. Ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake pale mtaani. Kisa na maana? Binti yake mwenye umri wa miaka 22, ambaye ni muuzaji katika duka la vipuri vya magari, alikuwa ameamua kushindana na wanaume katika mchezo wa pool.

Mwenye baa moja hapo karibu na kituo cha matatu alikuwa ametangaza mashindano ya Pasaka. Mshindi kwa upande wa wanaume angejinyakulia mbuzi. Mshindi wa wanawake naye angepewa sukari kilo mbili. Wanawake waliojiandikisha walikuwa watatu tu. Binti huyo akasema hataki sukari, anataka mbuzi. Mabarobaro waliokuwa wakiandikisha majina wakaangua kicheko, lakini yeye hakubanduka pale hadi jina lake lilipoandikwa.

"Wewe ni mtu wa magazeti," mzee akaniambia. "Zungumza na mtoto huyu. Anatuaibisha."

Nilimkaribisha chai, kisha nikamsimulia mambo ambayo leo ningependa kukusimulia nawe pia, msomaji.

Wengi wetu hudhani kwamba mwanamke kushindana na mwanamume mezani ni mambo ya juzi na jana. La, hasha! Huko Marekani, katika mji mdogo wa Honesdale jimboni Pennsylvania, kulikuwa na kinyozi aliyekuwa na meza za pool katika kinyozi chake. Bintiye, Ruth McGinnis, alianza kucheza humo akiwa mtoto mdogo. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa akizunguka nchini humo akicheza na wanaume mbele ya umati wa watu.

Baadaye akaja Masako Katsura wa Japani. Huyu hakucheza pool hasa bali biliadi, ule mchezo wa mipira mitatu na meza isiyo na mashimo. Alijifunzia katika ukumbi wa shemeji yake jijini Tokyo. Mwaka wa 1952, akiwa mama mwenye umbo dogo mno, alisimama San Francisco kuwania ubingwa wa dunia akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Wachezaji walikuwa kumi, naye akamaliza wa saba. Wanaume watatu walimaliza nyuma yake.

Yupo pia Jean Balukas wa Brooklyn, New York, ambaye familia yao ilikuwa na ukumbi wa pool. Alitwaa ubingwa wa wanawake wa Marekani mara saba mfululizo, kuanzia mwaka wa 1972 hadi 1978. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 13 pekee! Alipokosa mpinzani wa kumtoa jasho, aliingia pia katika mashindano ya wanaume.

Na wa karibuni zaidi ni Jasmin Ouschan wa Austria. Wazazi wake walikuwa na ukumbi wa pool mjini Klagenfurt. Mwaka wa 2008 alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia ambayo wanaume walishiriki. Ndugu yake, Albin, naye aliibuka bingwa wa dunia wa mchezo wa mipira tisa mwaka wa 2016 na tena 2021. Watoto wa nyumba moja, meza moja.

"Sasa mzee," nikamuuliza, "hawa wanne wanafanana wapi?"

Alifikiri kidogo. "Wote walikuwa na meza kwao," akajibu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mchezo wa pool si ndondi. Nguvu husaidia katika pigo la kwanza la kutawanya mipira, lakini baada ya hapo kinachotakiwa ni jicho, mkono uliotulia na akili ya kujua mpira mweupe utasimama wapi baada ya kugonga ule mwingine. Hayo hupatikana kwa kurudia na kurudia, saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka.

Basi mbona mabingwa wengi ni wanaume? Hebu tazama meza zetu hapa Kenya ziko wapi. Nyingi zimo katika baa. Kijana wa kiume akishinda pale tangu adhuhuri hadi usiku, huambiwa anapitisha wakati. Msichana akisimama pale nusu saa tu, tayari ameshapewa jina baya. Atapata wapi hizo saa za mazoezi? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wale wanne walilelewa mahali ambapo hakuna aliyewauliza wanatafuta nini karibu na meza.

Sisemi kwamba mashindano ya wanawake pekee hayana maana. Wachezaji wa kike wa Marekani waliunda chama chao mwaka wa 1976, na wengi wamepatia riziki humo. Ni vyema kina dada wawe na uwanja wao. Lakini uwanja huo usigeuzwe ua la kuwafungia. Anayetaka kujipima na wanaume na apewe fimbo, na zawadi ya wanawake iwe ya heshima.

Mzee alinywa chai yake akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Mimi siogopi kwamba atashindwa. Naogopa saa nne za usiku, walevi, na njia ya kurudi nyumbani."

Wasomaji wapenzi, hofu hiyo ni ya haki na mzazi yeyote ataielewa. Lakini dawa yake si kumfungia binti nyumbani. Nilimwambia, "Basi nenda naye."

Siku ya mashindano, mzee wa kanisa aliketi mlangoni mwa baa na soda yake mkononi. Binti aliwashinda wanaume wawili, akaangushwa na wa tatu kwa mpira mmoja. Mbuzi hakumpata. Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, na mzee aliniambia kwamba njia nzima walibishana kuhusu ule mpira wa mwisho.

Tangu hapo, sijasikia tena akisema kwamba anaaibishwa.