Afya Nyumbani: Daktari Aliyekubali Kusahihishwa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya chakula cha watoto, usafi wa nyumba, na maradhi yatusumbuayo. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za daktari mmoja na kazi yake. Kazi hiyo ilifanyika katika hospitali zetu wenyewe, kwa watoto wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, nayo imegeuza jambo ambalo wazazi wengi, na sisi tukiwamo, tulilishika kama kwamba halina shaka.

Nani miongoni mwetu hajapata kumwona mtoto mwenye homa kali akikimbizwa hospitali, amelegea, hajitambui vyema, na mikono na miguu imekuwa baridi? Tufikapo huko, jambo la kwanza tulitakalo ni kuona mtoto ametundikiwa dripu. Akitundikiwa, moyo hutulia. Asipotundikiwa, twanung'unika ya kuwa hakutazamwa. Wala imani hii haikuwa yetu peke yetu. Madaktari nao walifundishwa ya kuwa mtoto ambaye damu yake haizunguki vyema kwa ukali wa maradhi, apewe maji mengi mshipani kwa haraka, ili mzunguko wa damu urejee. Ndivyo ilivyokuwa desturi katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, nayo ikaandikwa katika miongozo ya matibabu.

Daktari tumkusudiaye ni Bibi Kathryn Maitland, bingwa wa maradhi ya watoto na profesa wa Imperial College ya London. Zamani alichunguza malaria ya watoto katika visiwa vya Vanuatu, kwenye bahari ya Pasifiki; na tangu mwaka 2000 makao ya kazi yake yamekuwa Afrika ya Mashariki, hasa mjini Kilifi, ambako hospitali ya serikali na kituo cha utafiti hukaa pamoja. Aliyoyashughulikia zaidi ni yale masaa ya kwanza baada ya mgonjwa kufikishwa mlangoni. Kwani wengi katika watoto wafao katika hospitali zetu hufa kabla ya kutimia siku nzima tangu walipoletwa.

Bibi huyu hakuwa adui wa dripu. Uchunguzi mdogo alioufanya Kilifi ulimtia tumaini ya kuwa maji ya haraka yatawaokoa watoto wengi, na ya kuwa maji yenye albumini, yaani utomvu utokanao na damu, huenda yakashinda maji ya chumvi. Lakini alitambua ya kuwa jambo lenyewe halijapata kupimwa kwa watoto wengi. Basi mwaka 2009 yeye na wenzake, madaktari wa Afrika ya Mashariki na wa Uingereza, walianza uchunguzi mkubwa uitwao FEAST katika hospitali sita: Kilifi, Muheza, na nne za Uganda, ambazo ni Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Watoto 3,141 wenye homa kali, waliolegea au waliopumua kwa shida, na ambao damu yao haikuzunguka vyema, waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza walipewa maji ya albumini kwa haraka; la pili maji ya chumvi kwa haraka; na la tatu hawakupewa maji ya haraka, bali ya kadiri tu, kidogo kidogo. Wote kwa jumla walipewa dawa za malaria na za vijidudu, na hewa ya oksijeni au damu kwa aliyehitaji.

Ilikuwa imekusudiwa kuwapata watoto 3,600. Lakini mwezi wa Januari 2011, kamati ya wasimamizi, ambayo kazi yake ni kuyatazama matokeo kwa siri ili wagonjwa wasidhuriwe, ilishauri uchunguzi usimamishwe. Katika masaa 48 ya kwanza, kwa kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10, yaani 10.6 kwa albumini na 10.5 kwa maji ya chumvi. Na katika wale wasiopewa walikufa 7.3. Tofauti hiyo ni watoto watatu na zaidi katika kila mia, nao waliondolewa na dawa iliyodhaniwa kuwa ni uhai.

Fikirini, wasomaji wetu, hali ya daktari aliyeyatumainia maji hayo, kisha akakabidhiwa hesabu ya namna hii. Angaliweza kuichelewesha, au kuipunguza makali kwa maneno. Hakufanya hivyo. Matokeo yalichapishwa wazi mwezi wa Mei mwaka ule ule. Wataalamu wengine walipinga, wakisema haiwezekani. Naye na wenzake wakarudi katika daftari zao kutafuta sababu. Wengi walidhani watoto wale walifurika maji mapafuni au ubongoni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha ya kuwa vifo vilivyozidi vilitokana hasa na kulegea kwa moyo na mzunguko wa damu, ambao ndio uliokusudiwa kusaidiwa.

Twajua ya kuwa baadhi ya wasomaji watauliza kwa uchungu: je, watoto wetu wafanywe vitu vya kujaribiwa? Swali hili ni la haki, nasi hatupendi kulipita. Kila mzazi aliombwa idhini. Pale mtoto alipokuwa katika hatari na hapakuwa na nafasi ya maelezo marefu, mzazi aliulizwa kwa mdomo kwanza, kisha akaelezwa yote na kutakiwa idhini ya maandishi baadaye. Hata hivyo twaungama ya kuwa ni jambo zito kumwuliza mama swali kama hilo na mwanawe yu hoi mikononi mwake, na wako waliokubali kisha wakazika. Hatuna neno la kuwaondolea huzuni hiyo.

Lakini na tukumbuke upande wa pili. Kabla ya uchunguzi huu, maji ya haraka yalikwisha kupewa watoto wagonjwa mahali pengi duniani, na hapana aliyekuwa akiwahesabu waliokufa kwayo. Lile nalo lilikuwa jaribio, ila halikuwa na daftari, wala kamati ya kulisimamisha, wala mzazi aliyeulizwa. Mama wa Mbale au wa Muheza aliyesema ndiyo katika usiku ule wa dhiki, amewafaa watoto asiowajua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mtoto mwenye homa kali ambaye dalili zake za damu kutozunguka hazikutimia zote, asipewe maji ya haraka; na aliyetimiza zote apewe kwa kadiri na kwa uangalifu.

Bibi Maitland hakukoma hapo. Mwaka 2019 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uganda na Malawi juu ya watoto waliopungukiwa na damu. Walionyesha ya kuwa mtoto ambaye upungufu wake ni mkubwa lakini hana dalili za hatari, aweza kuangaliwa kwa makini na kuongezwa damu pale tu hali yake inapozidi. Wala vifo havikuongezeka kwa kungoja huko. Kwa nchi ambazo chupa ya damu ni adimu, faida ya habari hii haihitaji kuelezwa.

Sasa yatupasa nini sisi wa majumbani? Kwanza, mtoto mwenye homa kali, anayelegea, anayepumua kwa shida au anayepatwa na degedege, na apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Pili, daktari asipomtundikia mtoto dripu, tusimshitaki kwa uzembe, wala tusimshurutishe. Na tumwulize kwa adabu sababu yake. Tatu, tusichanganye mambo: mtoto anayeharisha na kukaukiwa na maji hakuwamo katika uchunguzi huu. Huyo maji ndiyo dawa yake; apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti yapatikanayo zahanati, naye akizidiwa aongezewe mshipani kama daktari aonavyo.

Na la mwisho latuhusu wote, hata asiye na mtoto. Twajua mengi kwa sababu tu tuliyakuta yakifanywa na waliotutangulia. Daktari huyu alilipima jambo alilolipenda, na lilipoonekana kuwa na madhara aliliacha mbele ya macho ya watu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie moyo wa namna hiyo katika kulea watoto wetu, awarehemu wale waliotangulia, na awape subira wazazi wao.