Chokaa Kwanza, Ureya Baadaye



Kila mvua zinapokaribia, dai moja hurudi katika mikutano yetu: tupewe mbolea kwa ajili ya bustani za nyumbani. Dai hilo ni la haki, maana mshahara hautoshi unga na mboga. Lakini sisi tunaofanya kazi ya chama kati ya watu wa shaba huku Katanga tunasema wazi: mbolea ya mfuko peke yake, katika udongo wetu, yaweza kutudhuru.

Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911. Kwa miaka mingi bomba lake lilitoa vumbi lenye shaba, zinki, risasi na kadimi, pamoja na moshi wa kiberiti. Upepo wa huku huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi liliangukia kaskazini-magharibi, hata majani yakatoweka Penga Penga. Kiberiti kiliposhuka na mvua kiliufanya udongo kuwa mchachu. Madini hayo hayaozi. Yamo bado katika viwanja tunamopanda sombe, lengalenga na matembele.

Tuuelewe udongo. Mfinyanzi na mboji vina mikono mingi ya kushika chakula cha mmea na madini. Kichanga kina michache. Naitreti ya mbolea haishikwi sana hata na mfinyanzi, ila huko maji hushuka polepole na mmea hupata nafasi ya kula. Katika kichanga, mvua moja kubwa huizamisha chini ya mizizi, na mwisho wake ni kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji. Zikizidi, mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya chupa ndiye huumia kwanza.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Ureya na salfeti ya amonia huongeza uchachu, na uchachu huilegeza ile mikono. Shaba, zinki na kadimi zilizokuwa zimeshikwa huachiliwa: nyingine huingia katika mboga, nyingine hufuata maji. Hivyo mfuko tulioupigania hufungua mlango wa sumu.

Dawa ipo, wala si ngeni. Chokaa hupunguza uchachu na kuyafunga madini. Samadi iliyooza vizuri huongeza mikono. Mbichi isitumike, maana maji yake meusi huweza kubeba shaba kwenda chini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu chokaa na mbolea za asili katika udongo huo, na majani yakaota palipokuwa uchi. Lakini tusidanganyane: chokaa haiondoi madini. Lazima irudiwe, na mboga zioshwe vumbi kabla ya kupikwa.

Wenzetu wa mashamba ya kahawa katika nchi jirani nao wasikilize. Dawa ya shaba inayopuliziwa mibuni hubaki katika udongo wa juu, mwaka baada ya mwaka. Bustani ya kambi iliyo katika shamba la zamani la kahawa ipimwe kwanza.

Basi madai yetu yawe haya. Udongo na visima vya makazi ya wafanyakazi vipimwe, na majibu yasomwe mbele yetu kwa Kiswahili. Chokaa itolewe kabla ya mbolea. Mawe yake yapo Kakontwe, karibu na Likasi, na viwanda vinaitumia kila siku. Visima visichimbwe kwenye kichanga chini ya bustani.

Gharama hizi si sadaka. Madini yaliyoangukia bustani zetu yalitoka katika kazi iliyowatajirisha wengine. Aliyechukua shaba na alete chokaa.

Umoja ni nguvu!