Muswada uliolala Arusha

Julai 2023 Kigali ilijaa wageni. Mkutano wa Women Deliver, ambao ni miongoni mwa mikubwa duniani kuhusu afya na haki za wanawake na wasichana, ulikuwa umefika Afrika kwa mara ya kwanza. Novemba 2018 mji huohuo ulikuwa umepokea mkutano wa kimataifa wa uzazi wa mpango. Hotuba zilisikika, ahadi zikatolewa, wageni wakaagana. Huku Rusizi, mwendo wa saa tano au sita kwa basi kutoka Kigali, ukishapita msitu wa Nyungwe, swali lililobaki ni fupi: mwanamke aliyebakwa Bukavu, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, jana usiku, akavuka daraja leo asubuhi, anamdai nani matibabu?

Hatusemi kwamba mikutano na kelele za watetezi ni kazi bure. Rwanda yenyewe ni ushahidi wa kinyume chake. Sheria ya jinai ya 2012 ilimruhusu aliyebakwa kutoa mimba, ila kwanza aende mahakamani apate kibali. Fikiria msichana wa kijijini anayetakiwa kumthibitishia hakimu kwamba alibakwa huku wiki zinayoyoma. Wengi hawakufika mbele ya hakimu huyo ila kama washtakiwa. Wanasheria, madaktari na mashirika kama Health Development Initiative walilisemea jambo hili miaka nenda rudi, mkononi wakiwa na Protokali ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Rwanda iliiridhia 2004 na mwaka 2012 ikaliondoa pingamizi lake juu ya kifungu cha utoaji mimba. Sheria mpya ya Agosti 2018 ikafuta kibali cha mahakama. Aprili 2019 likatoka agizo la Wizara ya Afya la kuitekeleza, na mwezi huohuo Rais Kagame akawasamehe wanawake na wasichana 367 waliofungwa kwa makosa ya kutoa mimba, kusaidia kuitoa au kuua kichanga. Mwaka uliofuata wakasamehewa wengine 50. Msamaha ni jambo jema, ingawa mtu anaweza kuuliza kwa nini walifungwa.

Vivyo hivyo kuhusu vijana. Mwaka 2022 wabunge waliukataa muswada wa kuwaruhusu wenye miaka 15 kupata huduma za uzazi wa mpango bila idhini ya mzazi. Agosti 2025 bunge likapitisha sheria ya huduma za afya yenye ruhusa hiyo. Viongozi wa dini hawakufurahi, na wana haki ya kusema. Sisi tunaona wabunge walifanya vyema. Binti anayejipeleka mwenyewe kituo cha afya kuomba kinga hakusubiri bunge limfundishe mapenzi.

Lakini sheria hizi zote zinaishia mtoni. Ng'ambo ni Kongo, ambako kanuni ya adhabu ya enzi za ukoloni bado inaharamisha utoaji mimba, wakati Protokali ileile ya Maputo, iliyoridhiwa 2008 na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali Machi 2018, inauruhusu kwa aliyebakwa. Katiba ya Kongo inaupa mkataba nguvu kuliko sheria ya kawaida. Daktari anayajua yote mawili, na polisi anajua moja tu. Na mama wa Kamembe, hapa Rusizi, anayevusha nyanya na samaki kwenda Bukavu, kama yule wa Bukavu anayekuja huku kununua au kumtibisha mtoto, hawatenganishwi na lugha: wote wawili wanapatana bei kwa Kiswahili.

Vita vimefanya swali la yule mwanamke lisiweze kungoja tena. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema kundi hilo linaungwa mkono na Kigali; Kigali inakanusha. Vyovyote iwavyo, wanaokimbia hupokelewa Rusizi, katika kambi ya muda ya Nyarushishi, na miongoni mwao wamo wanawake waliotendewa unyama njiani. Dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa zina kikomo cha saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hupungua nguvu kadiri saa zinavyopita, na baada ya siku tano havisaidii. Ndani ya muda huo mwanamke anatakiwa atoke alipo, apite wenye bunduki, apite mpaka, ampate mtu wa kumwamini. Rwanda ina vituo vya Isange katika hospitali za wilaya, ambako aliyebakwa hukutana na daktari, polisi na mshauri chini ya paa moja. Ni mpango mzuri. Upande wa pili, Bukavu, ipo Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege, mshindi wa Nobel ya Amani ya 2018, yenye uzoefu wa majeraha haya ambao dunia nzima huja kujifunza. Kati ya uzoefu huu na mpango ule hakuna utaratibu wa kisheria unaomvusha mgonjwa pamoja na cheti chake.

Na dawa zenyewe zinanunuliwa na nani? Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikarudisha pia ile sera ya 1984 ya kuwanyima fedha wanaohusika na utoaji mimba, na kufikia Julai shirika la USAID halikuwapo tena. Mashariki mwa Kongo makasha ya dawa za waliobakwa yakaadimika katikati ya vita. Sera hiyo huwekwa na kuondolewa kila vyama vinapopokezana Ikulu ya Washington. Serikali zetu ziliahidi pale Abuja, mwaka 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Makasha ya hospitali chache za mpakani si mzigo wa kuzishinda.

Hapa ndipo tunapoutaka ule muswada. Mwaka 2017 Dkt. Odette Nyiramilimo, mbunge wa Rwanda katika Bunge la Afrika Mashariki, alipeleka Arusha muswada wa afya na haki za uzazi kwa Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Ulipingwa, ukasitishwa, ukarudi 2021 kwa jina fupi zaidi, neno “haki” likiwa limeondolewa. Bunge hilo likamaliza muda wake Desemba 2022 bila kuupitisha. Waliosema ni ajenda ya wageni wangetazama pia nani hushirikiana na upande wao: Family Watch International, mshirika wa mikutano ya wabunge ya Entebbe kuhusu maadili ya familia, makao yake ni Arizona.

Hata hivyo hofu yao si ya kubezwa yote. Muswada ulibeba mengi kwa mpigo: elimu ya jinsia shuleni, vidhibiti mimba kwa vijana, utoaji mimba, na kila nchi ikapata cha kukataa. Basi upunguzwe. Kila nchi ibaki na sheria yake ya utoaji mimba kwa sasa, na tunajua hilo litawaudhi marafiki zetu. Muswada useme tu kwamba aliyebakwa akifika hospitali yoyote ya umma ndani ya Jumuiya anapewa dawa bure na papo hapo, bila kuulizwa pasipoti wala karatasi ya polisi. Kwamba cheti cha daktari wa Bukavu ni ushahidi Rusizi, na cha hospitali ya Gihundwe, hapa Rusizi, ni ushahidi Bukavu. Na kwamba dawa hizo zinanunuliwa kwa fedha za nchi wanachama. Ni askofu au sheikh gani atasimama kupinga hayo?

Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022, na ina wabunge tisa Arusha kama Rwanda. Marais wao hawapatani, na sheria ya Jumuiya huhitaji idhini ya wakuu wa nchi. Lakini kuwasilisha muswada binafsi hakuhitaji ruhusa ya rais. Mbunge mmoja anatosha kuuanzisha. Bunge la sasa lina muda hadi Desemba 2027.