Vifaa vya Ami visiuzwe

Ndugu, jamaa na marafiki wote mlioko nyumbani, hasa nyinyi wa Nungwi. Poleni sana na msiba. Huku Muscat tumemsomea Ami hitma, Mola amsamehe na amlaze mahali pema. Amin.

Wengi mmeniandikia mkiyasifu majahazi yake. Ni haki yake. Lakini sisi tuliolelewa kwake tunalo jengine la kusema. Ami alikula sinia moja na watoto wote, wake na wa ndugu zake, na kile kipande kikubwa cha samaki alichowekewa yeye alikimegamega akatugawia. Sikuwahi kumsikia akimfokea mkewe. Mwanafunzi akiharibu ubao, alimwambia tu, "Haya, huo tutaufanyia dau la watoto." Na kweli, tulikuwa na vidau vya kuchezea chungu nzima!

Kazini Ami hakuchora ramani ya chombo hata siku moja. Vipimo vilikuwa kichwani. Mataruma aliyatafuta katika matawi yaliyopinda yenyewe, kwa sababu tawi la namna hiyo lina nguvu kuliko mti ulionyooka ukachongwa kwa lazima. Alitoboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari, ubao usipasuke. Kwenye kalafati, pamba ya mafuta ilisindiliwa baina ya mbao, naye alijua kwa mlio wa nyundo kama imekaza. Chini chombo kikapakwa shahamu na chokaa. Mambo haya hayamo kitabuni kwake, maana kitabu hakuwa nacho.

Sasa nasikia kuna mazungumzo juu ya vifaa vyake: tezo, misumeno, randa, patasi na keekee. Wapo wanaotaka viuzwe na fedha wagawiwe warithi. Ndugu zangu, mirathi ni haki na mimi sibishani na sheria. Ila naomba mnisikilize.

Ufundi ukipotea haurudi kwa urahisi. Mtazameni mtepe, kile chombo cha wazee wetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari. Ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003, ulipoundwa mmoja kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ilibidi kutegemea vielelezo na picha za zamani. Huku Oman nako, mji wa Sur ulisifika kwa kuunda majahazi ya safari ndefu, yakija kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Leo jahazi la Fath al-Khair limewekwa nchi kavu hapo Sur, watu wanakwenda kulitazama. Ni zuri, lakini mimi nikiliona huwa najiuliza kama na sisi tunataka kubakia na vyombo vya kutazama tu.

Mtu ataniambia boti za faiba zimeingia, mbao ni ghali, vijana wanataka kazi ya hoteli. Yote kweli. Lakini ngalawa na majahazi yangaliko baharini, na kila chombo cha mbao kinahitaji mtu wa kukitengeneza. Kijana mwenye tezo mkononi hafi njaa Nungwi.

Basi rai yangu ni hii. Vifaa vitiwe bei na watu wanaovijua. Sisi tulio nje tuchangishane, mimi nikiwa wa kwanza, tuwalipe warithi haki yao kamili, mjane akiwa mbele. Kisha vifaa apewe yule mwanafunzi wake mkubwa, aliyekaa naye miaka mingi na ndiye aliyekuwa akimshika mkono macho ya mzee yalipopungua. Sharti liwe moja: awachukue vijana wawili wa mtaani awafundishe bila ya malipo, kama yeye alivyofundishwa.

Kumuombea dua tutaendelea. Lakini Ami alikuwa mtu wa kulea watoto na kufundisha kazi. Tezo yake ikining'inia ukutani kwenye duka la watalii, tutakuwa tumemzika mara mbili.

Zungumzeni na wazee, kisha niandikieni kabla ya arubaini.

Wasalaam,
Mwenenu, Muscat