Nzuri Vipi?

Umezuka mtindo wa kuwafundisha vijana kwamba atakaye picha bora kutoka kwenye programu za akili mnemba aache Kiswahili, aandike Kiingereza, kisha arundike sifa: "ya kupendeza", "ya ajabu", "ya hali ya juu". Naupinga mtindo huo, na nawaomba washairi wenzangu tuupinge pamoja.

Ni kweli kwamba programu hizi zimelelewa zaidi na Kiingereza. Hazina ya LAION-5B iliyotolewa mwaka 2022, ambayo sehemu yake ilitumika kuifunza Stable Diffusion, ilikuwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo. Kiingereza peke yake kilikuwa na bilioni 2.32, lugha nyingine zaidi ya 100 kwa pamoja zilikuwa na bilioni 2.26. Kwa hiyo huenda tafsiri ikahitajika. Lakini tafsiri ni hatua ya mwisho. Asiyekiona kitu kwa lugha yake atatafsiri nini?

Chukua kanga. Aandikaye "mwanamke wa Kiafrika aliyevaa nguo nzuri ya rangi" hajaagiza kanga. Ameagiza kitambaa chochote, naye atapewa chochote. Sisi tuna pindo, mji na jina. Basi na aandike: "Mwanamke wa makamo amesimama mlangoni, amejitanda kanga, pindo ni jeusi, mji ni mwekundu wenye korosho nyeupe, jua la asubuhi lammulika kutoka kushoto." Hamna "nzuri" hata moja humo, na uzuri umo. Programu ikidhani mji huo ni wa majumba na barabara, neno livunjwe liwe kinachoonekana: uwanja wa katikati uliozungukwa na ukingo mpana.

Programu nyingi pia hujikwaa kwenye ukanushi. Ukiandika "soko lisilo na watu", watu umekwisha kuwataja, na huenda wakajaa tele. Taja kilichopo: meza tupu, milango ya maduka iliyofungwa, sakafu iliyofagiliwa. Istiari nayo yaweza kuchorwa kama ilivyotamkwa: andika kwamba moyo unawaka, usishangae kuona ndimi za moto kifuani.

Hakuna elimu mpya hapa. Ni insha ya wasifu ile ile. Kwa miaka mingi nilipigia mstari neno "nzuri" kwa wino mwekundu na kuuliza pembeni: nzuri vipi? Leo swali hilo linawahusu watu wazima.

Nao wanapaswa kulijibu, kwa kuwa picha hizi zikiingia kwenye majalada ya diwani zetu na vitabu vya watoto, mtoto aliyeonyeshwa kitambaa kisicho na pindo wala jina, akaambiwa hiyo ndiyo kanga, atakua akiamini hivyo. Aliyeipitisha picha ya namna hiyo kwa uvivu wa kueleza asiilaumu mashine, wala asikisingizie Kiswahili.